Mjusi Ndani ya Boksi la Dawa

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na maelezo nitajitetea, na kujitetea nakujua kuliko kazi yangu. Mwaka juzi, katikati ya msimu wa kupulizia pamba, nilimpiga mjusi kwa ufagio chumbani kwetu Bariadi. Alikuwa amedondosha kinyesi juu ya ripoti yangu ya robo mwaka. Mkia ukakatika, ukabaki sakafuni ukirukaruka peke yake, na mwenye mkia akaangukia nyuma ya kiti. Mke wangu, ambaye kwa siku tisa alikuwa amelala akitazama ukuta, aliinuka, akapiga magoti, akamwokota kwa kiganja.

"Umemuumiza," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu siku ile. Niliona afadhali anilaumu kuliko anyamaze.

Mimba ya miezi mitano ilikuwa imetoka. Ilikuwa ya kwanza, baada ya miaka sita ya ndoa na miaka sita ya kuulizwa na watu kanisani kulikoni. Hospitali walimhudumia vizuri. Daktari alisema mambo haya hutokea, na mara nyingi sababu yake haijulikani, akatuambia tupumzike kisha tujaribu tena. Mimi siku ilipotokea nilikuwa Shishiyu, nimealikwa na bwana shamba mwenzangu wa huko kuwaonyesha wakulima namna ya kupima dawa ya pamba na kuvaa vizuri kabla ya kupulizia. Jirani ndiye aliyempeleka hospitali. Nilipofika jioni, na vumbi la barabara nzima usoni, hakukuwa na la kufanya ila kusimama mlangoni na kofia ya pikipiki mkononi.

Basi mtu ambaye hakuinuka kwa uji, wala kwa wanakwaya waliokuja kumwombea, wala kwa sauti yangu, aliinuka kwa mjusi. Nikaona wivu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mimi, mwanamume mzima mwenye mvi mbili tatu, nilimwonea wivu mjusi asiye na mkia.

Alimweka kwenye beseni, akalifunika kwa kipande cha chandarua kilichotoboka. Jioni aliwasha taa ya barazani, akakamata nondo, akamshika bawa kwa vidole viwili na kumsogeza taratibu. Mjusi akatulia. Akalamba jicho lake mwenyewe, kama wanavyofanya, halafu akamnyakua nondo mzima mzima na mabawa yakabaki yakining'inia pembeni mwa mdomo. Mke wangu akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo tu, lakini mama yake aliyekuwa jikoni alikisikia, akaacha kusonga ugali.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Migato kumuuguza binti yake, na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuku wawili waliofungwa miguu. Kwetu Wasukuma, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hamli pamoja, hamkai mkitazamana, na mkikutana kwenye njia nyembamba mmoja anapisha. Mjini wengi wameacha. Yeye hakuwa ameacha, nami nilifuata kwa heshima. Asubuhi nilichuchumaa mbali nikitazama chini, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," umeamkaje mama, naye aliitika huku macho yakiwa kwenye sufuria. Akiwa na jambo la kuniambia alimtuma binti yake, na binti akiwa amelala aliwaambia kuku.

"Kuku ninyi," alikuwa akisema, akiwatupia pumba, "dagaa wamekwisha humu ndani, mnajua?"

Nami nikipita sokoni narudi na dagaa. Tulielewana vizuri kwa njia hiyo, pengine kuliko nilivyoelewana na mwenzangu wa ndoa.

Mjusi alikula siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku ya tatu alikula nondo wawili na nyenje mmoja, na mke wangu akala nusu ya ugali wake. Alianza kutoka hadi barazani kuwinda wadudu. Alinieleza mjusi anapenda nini na hapendi nini, kwa kirefu, kama mtu anayeeleza habari za mgeni muhimu. Nikataka na mimi nionekane katika furaha ile. Nikamwambia beseni si nyumba, nitamletea mjusi wake nyumba.

Hapa lazima nieleze kuhusu boksi la dawa ya pamba. Ni boksi gumu, halilegei upesi kwa unyevu, na mfuniko wake unakaa sawasawa. Mkoani Simiyu ukiingia nyumba kumi za wakulima utalikuta karibu zote. Watu wanatunzia nguo, madaftari, hata vifaranga. Mimi mwenyewe nilikwenda shule ya bweni na boksi kama hilo kichwani, limefungwa kwa kamba ya katani, na nililiona zuri kama sanduku la chuma la mtoto wa mwenye duka. Na mimi huyo huyo kila msimu nasimama mbele ya wakulima, Ngulyati na kwingineko, nawakaripia. Makopo myatoboe na kuyazika, maboksi msiyarudishe nyumbani, dawa haiangalii kama hili ni jani la pamba au ni shati la mtoto. Huwa nawachekesha kwa kumwigiza baba mmoja anayeweka chumvi kwenye kopo la dawa akidhani ameokota mali. Wananipigia makofi. Halafu napanda pikipiki narudi nyumbani, ambako stoo yangu ilikuwa na maboksi saba.

Nilichukua moja. Kwenye kona ya chini lilikuwa na doa la rangi ya chai, ukubwa wa kiganja, limekauka. Nililiona. Nisije nikasema baadaye kwamba sikuliona. Nililinusa, nikaona harufu si kali, nikatandika gazeti juu yake mikunjo miwili. Nikatoboa matundu ya hewa kwa bisibisi, nikaweka kipande cha gome na kizibo cha chupa chenye maji, nikaingia nalo chumbani kama mtu aliyeleta ng'ombe wa mahari.

"Wabeja sana," mke wangu akanishukuru, na akatabasamu. Tabasamu lile nililipata kwa boksi lile.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili mjusi hakula. Mke wangu alimsogezea nondo, mjusi akageuza kichwa. Akambadilishia, akamletea mende mdogo, mjusi akafumba mdomo na kujibana kwenye kona. Nilirudi kutoka ibadani nikamkuta ameinamia boksi, ana nondo kati ya vidole, mkono umeanza kuchoka. Nami, mtaalamu, mtu wa kujua kila kitu, nikasimama nyuma yake na kutoa hukumu.

"Unamshika mno. Mkono wa mtu una joto. Mijusi hawataki kushikwashikwa."

Akaurudisha mkono wake haraka, akautazama. Aliutazama upande wa kiganja, akaugeuza, akatazama upande wa nyuma. Kisha akasema kwamba bibi yake alikuwa akimkataza kugusa vifaranga alipokuwa mdogo, kwa sababu kila alichokishika kilikufa. Bibi alisema mtoto huyu hana mkono wa kufuga.

"Vifaranga hufa," nikasema.

"Sikuwa naamini," akasema. "Nilidhani ni maneno ya wazee tu."

Nilielewa alikuwa anafikiria nini, na ningeweza kulikata wazo lile pale pale. Sikulikata. Nilikuwa na njaa, nikaenda kula.

Jumatatu nilimpitia daktari wa mifugo, rafiki yangu wa siku nyingi, mtu wa ng'ombe na mbuzi. Nilipomweleza alishika mbavu.

"Mlete kwenye josho nimwogeshe," akasema. "Ana pembe? Amechanjwa?"

Nilimwacha acheke mpaka achoke. Mtu akikuona umetumwa na mkeo kwa ajili ya mjusi ana haki ya kucheka. Halafu akafuta macho, akanieleza alichokijua: mdudu awe hai na asizidi ukubwa wa kichwa cha mjusi, maji yadondoshwe kwa pamba karibu na mdomo, awekwe mahali penye kivuli na utulivu, asilazimishwe. Kukatika mkia kunamchosha, akasema, mafuta yake yalikuwa humo.

"Umemweka kwenye nini?"

"Boksi."

"Boksi safi?"

"Safi," nikasema.

Nimejiuliza mara nyingi neno lile lilitokaje kinywani upesi hivyo. Sikulifikiria kabisa. Lilitoka kama salamu.

Jioni ile mjusi alipanda ukuta wa boksi, akateleza, akaanguka. Mjusi ambaye miguu yake inashika hata kioo. Akajaribu tena, akaanguka tena, na mguu wa nyuma ukawa unatikisika peke yake. Mke wangu alidondosha maji kwa pamba kama nilivyomwelekeza, lakini alifanya hivyo kwa kijiti kirefu, mkono ukiwa mbali, na uso ameugeuzia pembeni kama mtu anayeogopa hata pumzi yake itadhuru. Hilo nilikuwa nimemfundisha mimi.

Jumanne asubuhi nilikuwa nafunga viatu kwenye ngazi. Mama mkwe alikuwa uani, mgongo kwangu, anawapa kuku wake pumba. Kabla ya hapo alikuwa ameingia chumbani kumtengenezea binti yake kitanda.

"Kuku ninyi," akasema, bila haraka. "Kwetu Migato tukitia nguo kwenye boksi la dawa ya pamba, bwana shamba anakuja kutupigia kelele mpaka masikio yanauma. Anasema ni sumu. Pengine sumu ya mjini imepoa. Mimi ni mshamba, sijui. Lakini hii pua imelima pamba miaka arobaini."

Akaendelea kutupa pumba. Kuku wakala. Mimi nikabaki na kamba ya kiatu mkononi, na damu yote nadhani ilikuwa imehamia kwenye masikio. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata nilipokuwa mtoto. Angeweza kumwambia binti yake moja kwa moja, wakiwa wawili chumbani. Hakumwambia. Aliwaambia kuku nikiwa nasikia, ili mimi mwenyewe nikaseme. Ilikuwa heshima kubwa kuliko niliyostahili.

Nikaingia ndani nikamwambia mke wangu kwamba boksi lina joto mno, nitaleta ndoo. Nilinunua ndoo nyeupe mpya ya plastiki, nikafunga chandarua juu yake, nikamhamisha mjusi, nikampangusa taratibu kwa kitambaa chenye maji kuanzia kichwani hadi kwenye kidonda cha mkia. Nikasema daktari ameagiza. Boksi nililifunga nyuma ya pikipiki hadi kwenye shimo letu la taka za dawa huko Ngulyati. Nikalitoboatoboa na kulizika kama ninavyofundisha, tena kwa usahihi wa kupigiwa mfano, na nilipokuwa nafukia niligeuka nyuma mara mbili kuangalia kama kuna mtu.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeazimia kusema. Nikamkuta amekaa karibu na ndoo, nikasema mvua inakuja. Nilijiambia nitangoja mjusi ale kwanza, habari mbaya inamezeka ikiwa na nzuri. Hiyo ilikuwa sababu niliyojipa. Kulikuwa na nyingine nyuma yake. Nilijua kwamba nikishasema habari ya boksi, swali litakalofuata si la boksi, na swali hilo nilikuwa nalikwepa tangu jioni ile nilipofika hospitali na vumbi langu. Nilikuwa mwoga. Sina neno jingine la kuliweka hapo.

Jumatano, tukiwa tumemaliza chakula cha jioni na mama yake ametoka kuanua nguo, mke wangu aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepanga safari ya sokoni.

"Nimefikiri. Wewe bado una nguvu, na kwenu wanataka mjukuu. Tafuta mwingine, mwenye mkono mzuri. Mimi sitafanya fujo."

"Usiseme hivyo," nikasema.

"Nasema ninachokiona. Tumboni kimekufa. Ndani ya ndoo kinakufa. Nani alikuwa anavishika?"

"Umechoka, mayu. Lala."

Ndivyo nilivyosema. Ukweli nilikuwa nao siku nzima na usiku wake, umenikalia kifuani, nami nikamwambia mtu alale. Akalala kwa utii, amenipa mgongo, na mkono wake ule wa kulia ameuficha chini ya mto.

Alhamisi mjusi alikunywa tone moja la maji. Hakula.

Ijumaa nilirudi mapema, kama saa tisa, nikakuta begi mlangoni. Mama mkwe alikuwa uani akiwafunga kuku miguu. Mke wangu alikuwa amevaa gauni la kanisani na kitenge kiunoni, na ameshika ndoo kwa mikono miwili huku ameinyoosha mbali na mwili.

"Nakwenda nyumbani na mama," akasema. "Huyu nitamwachia kwenye ua wa jirani. Akifa, afie mahali ambapo simwoni. Na wewe usinifuate upesi. Fikiria nilichokwambia."

Nilijua kwamba akitoka mlangoni na wazo lile, hatarudi. Si kwa hasira. Angebaki Migato kwa kunionea huruma, akiamini ameniokoa na mkono wake. Na hilo ndilo lililonifungua mdomo, si uungwana.

"Si mkono wako," nikasema. "Ni boksi. Lilikuwa la dawa ya pamba. Lilikuwa na doa, dawa ilivujia humo, nikafunika na gazeti."

Akaiweka ndoo chini.

"Ulijua?"

"Doa nililiona siku ya kwanza. Kwamba ndilo linalomuua, nilijua Jumanne."

Akahesabu. Niliona midomo yake ikitaja siku.

"Jumatano nilikwambia uoe mwingine."

"Ndiyo."

"Ukaniambia nilale."

"Ndiyo."

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane, tusi lingekuwa na mwisho. Yeye alikuwa anatazama uani, kupita kichwa cha mama yake, kwenye kamba ya nguo ambako ovaroli zangu mbili za kazi zilikuwa zinakauka, ameziosha yeye au mama yake, sikuwa nimeuliza. Nikaona macho yake yakisimama hapo. Nikajua lile swali limefika.

"Na hizo?" akauliza.

Nami nikazitazama.

"Nilikuwa naziloweka kwenye beseni kila Ijumaa," akasema. "Tumbo lilipoanza kunizuia kuinama nilikuwa naingia na miguu, nazikanyaga. Maji yalikuwa yanatoka ya njano. Nilidhani ni vumbi la Ngulyati." Akanitazama. "Wakulima huwa unawaambiaje kuhusu nguo za kupulizia?"

"Kwamba mwenye kupulizia azifue mwenyewe, mbali na nyingine."

"Na mwanamke mwenye mimba?"

"Asiziguse."

"Mwaka huu uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Lini?"

Ningeweza kusema mwezi wa kwanza, ingekuwa kweli pia. Nikasema, "Hata siku ile. Shishiyu."

Alikaa juu ya begi. Nilimwambia kwamba daktari alisema sababu haijulikani, na kwamba inawezekana kabisa dawa haihusiki, kwamba hakuna anayeweza kujua. Yote hayo ni kweli mpaka leo, na niliyasikia yakitoka kinywani mwangu yakiwa yanafanana na lile neno 'safi' nililomwambia daktari wa mifugo.

"Daktari aliniuliza kazi yangu," akasema. "Nikamwambia mama wa nyumbani. Akaandika. Yako hakuiuliza, na wewe ulikuwa umesimama pale mlangoni."

Ni kweli, nilikuwa nimesimama pale. Nilikuwa nimesikia swali na jibu.

Akainuka, akachukua begi kwa mkono mmoja na ndoo kwa mwingine. Ndoo safari hii hakuinyoosha mbali. Aliibana ubavuni, chini ya kwapa, mkono umeizunguka. Nilisogea pembeni kumpisha, halafu nikasogea zaidi kumpisha mama yake na kapu la kuku. Mama mkwe alipita ametazama chini. Siku hiyo hakuwaambia kuku kitu.

Nilianua ovaroli zile, nikazifua upya mwenyewe, sijui kwa nini. Maji yalikuwa bado ya njano kidogo. Nilikaa kwenye ngazi na beseni mbele yangu, nikalia. Mwenye nyumba jirani aliyechungulia juu ya ukuta kuomba kiberiti alirudisha kichwa bila kukiomba.

Siku nane zilipita. Nilimpigia simu, akawa anapokea na kujibu ninachokiuliza tu: mama hajambo, mvua ipo, mahindi yamefika magotini. Habari za mjusi niliogopa kuuliza. Siku ya nane ujumbe ukaingia nikiwa kazini, nikausoma nimesimama katikati ya pamba ya watu.

"Amekula nondo. Nimempa kwa mkono."

Niliusoma mara nyingi. Nilifurahi, ninakiri, halafu nikaona kwamba hakuna mahali katika maneno yale ambapo nilihitajika. Niliandika "Utarudi lini?" nikafuta. Nikaandika "Asante kwa kunijulisha."

Alirudi baada ya mavuno ya pamba. Mjusi alimwacha ukutani kwa mama yake, na mkia mpya ulikuwa umeanza kuota, mfupi na mnene. Hakuniambia amenisamehe wala sikumwuliza. Tulianza kuishi. Maboksi niliyaondoa yote, ovaroli zikahamia kwenye msumari nje ya stoo, na beseni la kuzifulia ni langu mimi. Wakulima nawaambia yale yale, lakini yule baba wa chumvi simwigizi tena, na kuna waliolalamika kwamba mafunzo yangu siku hizi hayachekeshi.

Mwanzoni mwa mwaka huu alinishika mkono asubuhi moja akaniambia tujiandae twende kliniki, wote wawili. Ilikuwa miezi mitatu. Tukakaa kwenye benchi na kina mama wengine, mimi mwanamume pekee kati yao na nimevaa shati la pasi, mpaka tukaitwa. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mchangamfu, anaandika haraka kwenye kadi. Umri. Mimba ya ngapi. Ya pili. Na ya kwanza? Ilitoka, miezi mitano. Pole, mama. Sababu walisema nini? Akawa tayari anaandika haijulikani, kwa sababu ndivyo watu wanavyojibu.

"Ngoja kwanza, usiandike," mke wangu akasema. "Mume wangu ni bwana shamba wa pamba. Wakati wa mimba ile nilikuwa nafua nguo zake za kupulizia dawa, kila Ijumaa, kwa mikono na kwa miguu."

Muuguzi akainua kalamu kutoka kwenye kadi. Akanitazama, si kwa ukali. Kwa upole, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango.

"Na wewe baba, nadhani ulikuwa hujui kama ina madhara hayo?"

Mke wangu naye akageuka. Hakuwa ananitisha wala hakuwa ananisaidia. Alikuwa anangoja tu kusikia.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Muuguzi akarudisha kalamu kwenye kadi, akaandika.